Mbinu za Kukimbia Miaka Ishirini Bila Kuvunjika

Mwaka 1983 kijana wa Marekani, Norm Duke, alishinda taji lake la kwanza la kulipwa katika boling, mchezo wa kuvingirisha tufe zito ili kuangusha pini kumi. Alikuwa na umri wa miaka 18. Mwaka 2019, akiwa amepita miaka 50, alifikisha taji la 40. Mwenzake Walter Ray Williams Jr. alishinda angalau taji moja kila msimu kwa misimu 17 mfululizo, akafikisha mataji 47. Katika miaka hiyo matufe yenyewe yalibadilika, na kila yalipobadilika wachezaji walilazimika kujifunza upya namna ya kuyarusha. Waliokataa kujifunza waliachwa nyuma.

Hapa Giheta, Burundi, hatuna ukumbi wa boling. Tuna vilima, barabara za udongo mwekundu, na vijana wanaokimbia alfajiri kabla ya shule au shamba. Lakini swali ni lile lile: mtu afanye nini ili mchezo umlishe kwa miaka mingi, badala ya kumtupa akiwa na miaka 22 na goti bovu? Makala haya ni ya mkimbiaji kijana wa Giheta, Gitega au Muyinga, pamoja na mzazi na mwalimu wanaomsimamia.

Panga kwa miaka, si kwa wiki

Vénuste Niyongabo aliipatia Burundi dhahabu katika mita 5000 huko Atlanta mwaka 1996, mara ya kwanza kabisa kwa nchi yetu kushiriki Olimpiki. Alikuwa na miaka 22. Baadaye majeraha yalimwandama, na Sydney 2000 hakufika fainali. Heshima yake haipungui hata kidogo, lakini tunajifunza kwamba hata bingwa wa Olimpiki huweza kuzuiwa na mwili wake mapema.

Tazama sasa upande wa pili. Edna Kiplagat wa Kenya alipata medali ya fedha ya vijana duniani mwaka 1996. Alikuwa bingwa wa dunia wa maratoni mwaka 2011 na 2013, akashinda Boston mwaka 2017, na mwaka 2024, akiwa na miaka 44, akamaliza wa tatu huko huko Boston. Jirani yetu Mathias Ntawulikura wa Rwanda alikimbia katika Olimpiki tano, kuanzia Seoul 1988 hadi Athens 2004.

Kwa hiyo chukua daftari na ugawe safari yako mafungu matatu. Kabla ya miaka 18, kazi yako ni kujifunza kukimbia vizuri: mbio fupi, mbio za nyika, michezo mingine, na shule. Kati ya 18 na 23, ongeza mzigo polepole na utafute umbali unaokufaa. Baada ya hapo ndipo mavuno. Maratoni isubiri. Mtoto wa miaka 15 anayepelekwa kwenye mbio za kilomita 42 kwa ajili ya zawadi ya siku moja anauziwa miaka yake ya baadaye kwa bei ya chini. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Andika pia umri wako wa kweli kwenye kila karatasi. Miaka iliyopunguzwa kwa hila humfanya kocha akupe mzigo usiokufaa, na siku ikigundulika unapoteza kila ulichopata.

Mbio nyepesi ziwe nyepesi kweli

Kosa linalowamaliza vijana wengi ni kukimbia kila siku kama siku ya mashindano. Wakimbiaji wakubwa wa masafa marefu hufanya sehemu kubwa ya mazoezi yao, karibu nne kati ya tano, kwa mwendo mwepesi. Kipimo hakihitaji saa: ukiwa na mwenzako, muweze kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Mkishindwa, punguzeni.

Wiki ya kijana aliyezoea inaweza kuwa hivi:

- Jumatatu: mapumziko, au kutembea tu.
- Jumanne: mbio nyepesi za dakika 40, kisha mikimbio sita mifupi ya sekunde 20, mwili ukiwa umelegea.
- Jumatano: mbio nyepesi za dakika 40 hadi 50.
- Alhamisi: kilima, mara sita hadi nane, dakika moja kila mara.
- Ijumaa: mapumziko au dakika 30 nyepesi.
- Jumamosi: mwendo wa kasi ya wastani, dakika 20 katikati ya mbio nyepesi.
- Jumapili: mbio ndefu, dakika 70 hadi 90, mwendo wa kuzungumza.

Ongeza dakika chache tu kila wiki. Kila wiki ya nne, punguza mzigo wote kwa theluthi moja. Mwili hupata nguvu wakati wa kupumzika, na asiyepumzika hujilimbikizia uchovu.

Panda kwa nguvu, shuka kwa akili

Gitega iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1500 juu ya usawa wa bahari. Mwili uliokulia hapa umeshazoea hewa yenye oksijeni kidogo kuliko ya pwani, na miteremko yetu hujenga mapaja na mapafu bila gharama. Hiyo ni mali, itumieni.

Lakini kilima kina pande mbili. Kupanda hujenga nguvu na hakuligongi sana goti. Kushuka kwa kasi ndiko kunakoumiza: misuli ya paja hubeba uzito wa mwili huku ikivutika, na kila kishindo hufika kwenye goti na mfupa wa muundi. Siku ya mazoezi ya kilima, panda kwa kasi na ushuke kwa kutembea. Siku ya mbio ndefu, shuka kwa hatua fupi na za haraka, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Udongo ni bora kuliko lami kwa mbio nyingi. Lami iachie siku ya kupima mwendo.

Mara mbili kwa wiki, baada ya mbio, fanya mazoezi manne ya nguvu nyumbani. Simama kwenye ngazi au jiwe, uinue visigino na kuvishusha taratibu, mara 15 kila mguu. Chuchumaa kwa mguu mmoja ukishika ukuta, mara nane. Lala chali, kunja magoti na uinue nyonga, mara 15. Mwisho, jiegemeze kwenye viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka, kwa sekunde 40. Dakika 15 zinatosha.

Viatu vingi tunavyopata ni vya caguwa, yaani mitumba, na si aibu. Kabla ya kulipa, bonyeza soli kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama ubao, imekwisha. Kiweke kiatu mezani na ukitazame kwa nyuma: kikiinama upande mmoja, kiache. Acha nafasi ya upana wa kidole mbele ya kidole kirefu. Hata kiatu kipya huanza kuchoka baada ya kilomita kati ya 500 na 800.

Jifunze kusoma maumivu

Uchovu wa misuli ya miguu yote miwili siku moja au mbili baada ya mazoezi ni jambo la kawaida. Hatari ina dalili zake:

- Maumivu yako sehemu moja ndogo ya mfupa, unaweza kuigusa kwa ncha ya kidole.
- Yanazidi kadiri unavyokimbia.
- Yanakuamsha usiku, au yanakufanya uchechemee.

Ukiona mojawapo, acha kukimbia siku hiyo hiyo na umwone daktari. Mpasuko mdogo wa mfupa ukipumzishwa mapema hupona kwa kawaida katika wiki sita hadi nane. Ukilazimishwa, unaweza kuvunjika kabisa na kula msimu mzima au zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na usimeze dawa za maumivu ili umalize mazoezi, kwa sababu dawa huficha onyo na jeraha huendelea.

Homa nayo ina sheria yake. Ukiwa na homa, usikimbie, nenda upimwe malaria. Ukishapona, rudi kwa kutembea, kisha mbio nyepesi za dakika 20, na usiguse mazoezi makali mpaka umepata wiki nzima ya nguvu zako za kawaida.

Kula vya kutosha, lala vya kutosha

Chakula cha kwetu kinatosha kumjenga mkimbiaji, tatizo mara nyingi ni kiasi na wakati. Maharage, viazi vitamu, ndizi, ugali wa muhogo, lengalenga (mchicha), sombe (majani ya muhogo), ndagala (dagaa), mayai na maziwa vinapopatikana: hiyo ni meza kamili. Kula ndani ya saa moja baada ya mazoezi, hata kama ni viazi na uji. Kukimbia alfajiri kisha kulima hadi saa nane na tumbo tupu ni kujibomoa.

Damu ya mkimbiaji inahitaji madini ya chuma. Yamo kwenye maharage, mboga za majani, ndagala na nyama. Kula pamoja na machungwa, mapera au nyanya ili mwili uyachukue vizuri, na chai inywewe saa moja au zaidi baada ya chakula, maana huzuia madini hayo. Usingizi uwe saa nane au zaidi. Simu ilale chumba kingine.

Kwa mabinti nasema wazi, na makocha wasikie: hedhi ikikosekana miezi mitatu bila ujauzito, mwili unasema haulishwi vya kutosha. Si ishara ya kuwa fiti. Mifupa huanza kupoteza uimara, na mpasuko hufuata. Kocha anayemwambia binti apungue zaidi anaikatisha safari ya binti huyo. Binti aongezewe chakula, apunguziwe mzigo, na aonwe na daktari.

Badilika kabla hujalazimishwa

Hapa ndipo wachezaji wa boling na wakimbiaji wanapokutana. Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5000 mwaka 2003, akiwa na miaka 18. Mwaka 2012 alikosa nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki. Mwaka uliofuata akahamia maratoni, akashinda dhahabu mbili za Olimpiki, na mwaka 2022, akiwa na miaka 37, akakimbia Berlin kwa saa 2:01:09.

Francine Niyonsaba wetu alipata fedha ya mita 800 huko Rio 2016. Kanuni za dunia kuhusu homoni zilipomfungia umbali huo mwaka 2019, hakukaa akilia. Alianza upya katika mbio ndefu, akawa wa tano katika mita 10,000 huko Tokyo, na Septemba 2021 akaweka rekodi ya dunia ya mita 2000 mjini Zagreb: dakika 5:21.56. Mwaka 2023 kanuni ziliongezwa zikahusu umbali wote. Kuna milango ambayo mkimbiaji hawezi kuifungua kwa mazoezi, na kwa sababu hiyo asiwe na mlango mmoja tu maishani.

Diane Nukuri alibeba bendera ya Burundi Sydney 2000 akiwa na miaka 15. Baadaye alipata hifadhi Kanada, akasoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, na mwaka 2016 alikuwa bado yumo: wa 13 katika mita 10,000 za Rio. Elimu ilimpa makocha, matibabu na mashindano. Kijana wa Giheta asiache shule kwa sababu ana kasi. Kasi ndiyo inayoweza kumlipia shule.

Kila baada ya miaka minne kaa na kocha wako mjiulize: umbali huu bado unanifaa? Kasi yangu ya mwisho imepungua wapi, na ustahimilivu umeongezeka wapi? Jibu likielekeza kwenye mbio ndefu zaidi, jipe miaka miwili ya kuhama taratibu.

Linda jina lako na fedha yako

Mkataba usioelewa lugha yake, usiutie saini siku hiyo. Mpelekee mwalimu au mtu anayejua Kifaransa au Kiingereza vizuri. Uliza mambo manne: wakala anachukua asilimia ngapi (katika riadha, 15 ni ya kawaida), kodi ya ng'ambo inakatwa na nani, nani analipa tiketi na matibabu, na mkataba unaisha lini. Pasipoti yako ikae mikononi mwako.

Kuhusu dawa zilizopigwa marufuku, sheria ni moja: kilichopatikana mwilini mwako ni jukumu lako, hata kama ulipewa na mwingine. Usichomwe sindano wala kumeza kidonge bila kujua jina lake. Mwambie daktari kila mara kwamba wewe ni mwanariadha.

Zawadi ya kwanza igawe: sehemu ya familia, sehemu ya mazoezi na chakula, na sehemu isiyoguswa katika koperative ya akiba. Usinunue pikipiki kabla hujaweka chakula cha mwaka mzima.

Fikiria pia siku miguu itakapochoka. Pale Gishora, hapa hapa Giheta, ujuzi wa ngoma ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 hupita kutoka wazee kwenda vijana, na mzee asiyeweza tena kuruka juu bado ana mengi ya kufundisha. Mkimbiaji naye ajiandae hivyo: asaidie wadogo tangu akiwa bado anashindana, ajifunze ukocha, uamuzi wa mashindano au huduma ya kwanza.

Anza wiki hii

Nunua daftari. Kila jioni andika mambo matano: dakika ulizokimbia, namna ulivyojisikia, ulichokula, saa ulizolala, na mahali panapouma. Mwonyeshe kocha au mwalimu kila Jumapili. Daftari hilo linaweza kukuonyesha dalili za jeraha kabla halijafika, na likijaa, nunua lingine.