Karatasi za Vioo na Sitara ya Nyumba

Bi Mshauri, ninakaa na mume wangu, watoto na mama mkwe katika ghorofa ya tatu hapa Mombasa, nyumba ya kupanga. Mwaka huu limemalizika jengo jipya mbele yetu, na roshani zake zaelekeana na sebule yetu na chumba chetu cha kulala, hata nikirudi sokoni sithubutu kuvua buibui kabla sijavuta pazia. Mume wangu, aliyepata kufanya kazi Muscat, ataka tubandike karatasi ya tinti, ile yenye mng'ao, katika madirisha yote, mambo yaishe. Mimi nachelea nyumba kuwa kiza. Mama mkwe macho yake yamepungua nguvu, na kiti chake kiko penye dirisha la upande wa uani, ndipo asomeapo Msahafu na kuwaangalia wajukuu wakicheza. Nikisema hayo, mume wangu hunijibu kwamba mimi siitaki sitara, na neno hilo limenichoma. Je, karatasi hizi zina manufaa, au tutatupa fedha?
Mwenye Kutazamwa, Mombasa

Mwanangu, kabla sijaingia katika habari ya vioo, napenda neno lile lililokuchoma liondoke moyoni mwako, kwani mtu anayeuliza sitara itagharimu nini, na ni nani katika nyumba atakayeilipa gharama hiyo, hajaikataa sitara, bali ameichukua kwa uzito unaoistahili. Mumeo naye simlaumu, kwa sababu mwanamume aonaye ahali yake wanatazamwa ndani ya nyumba yao wenyewe, kisha akanyamaza, huyo ndiye wa kulaumiwa. Nyote wawili mwataka jambo moja. Mnachohitilafiana ni njia, na njia hupimwa kwa maarifa, haipimwi kwa ghadhabu.

Karatasi ya mng'ao ina utando mwembamba mno wa madini, ambao huirudisha sehemu kubwa ya nuru inayoupiga na kuiachia sehemu ndogo tu ipite; na kwa kuwa mchana wa pwani una nuru nyingi mno kuliko iliyomo nyumbani, yule aliyeko roshanini huona mbingu na jengo lake mwenyewe juu ya kioo chako, ilhali wewe uliye ndani wamwona yeye waziwazi. Siri yote imo katika tofauti hiyo ya nuru, wala karatasi haijui upi upande wa mwenye nyumba na upi upande wa jirani. Jua likishatua, ukawasha taa, hali hugeuka: nuru iko kwako, kiza kiko kwake, naye hukuona ukipakua chakula, nawe ukilielekea dirisha huoni ila uso wako mwenyewe. Wako waliobandika karatasi hizo wakayaondoa na mapazia, kwa kudhani wamesitirika usiku na mchana. Na hiyo ndiyo hasara kubwa ya bidhaa hii kuliko bei yake, maana ajijuaye yu wazi hujihadhari, bali adhaniye amejifunika hana hadhari yoyote.

Jambo la pili, ambalo aghalabu muuzaji halitaji, ni kwamba karatasi husitiri dirisha lililofungwa tu. Aliyoyaona mumeo Muscat ni kweli, lakini joto la kule huwalazimu watu kufunga vioo na kuwasha viyoyozi, ilhali sisi wa pwani hii twaishi kwa upepo, kaskazi ukija na kusi ukija. Ikiwa madirisha yenu ni yale ya alumini ya kusukuma, ukifungua nusu moja ili nyumba ipate hewa, nusu hiyo haina hata kioo, seuze karatasi. Na ikiwa ni ya luva, basi kila kipande kikiinuliwa huacha mwanya ambao jicho hupita pamoja na upepo. Karatasi itakayowalazimu kufunga madirisha mchana kutwa itawaletea gharama nyingine, ya umeme wa feni na kiyoyozi, ambayo haikutajwa dukani.

Waliojenga miji yetu ya kale waliijua mas'ala hii, nao hawakuikabidhi kwa kioo. Ukiingia nyumba ya mawe ya Lamu waona jinsi ilivyoipa njia mgongo: mgeni hupokewa dakani, yaani ukumbi wa mlangoni, nuru na hewa huingia kwa kiwanda, yaani ua ulio wazi katikati, na juu ya kichochoro hupita wikio, ambalo wanawake walilitumia kuvuka kutoka nyumba hata nyumba bila ya kushuka njiani. Kadhalika madirisha ya vibao vilivyolala mshazari, ambayo hata leo seremala mzuri aweza kuyatengeneza, hupitisha upepo na kulizuia jicho la aliye ng'ambo. Sikuambii ujenge wikio katika ghorofa ya kupanga. Nakuambia kwamba kila kizuizi sharti kiulizwe kimezuia nini na kimepitisha nini.

Karatasi nazo zina manufaa yasiyokanika. Iliyo njema huzuia karibu miale yote ya urujuanimno ya jua, ile isiyoonekana kwa macho, hata asilimia 99, na kwa hiyo mazulia, mapazia na mbao za makabati hukawia kuchujuka, ijapokuwa havitasalimika kabisa, kwa kuwa nuru ya kawaida na joto navyo huchujua. Hupunguza joto pia, lakini hapa litazame jua lenu: Mombasa iko kiasi cha digrii 4 tu kusini ya ikweta, hivi kwamba adhuhuri jua huwa juu ya paa, na madirisha yanayoumia ni yale yanayoelekea mashariki asubuhi na magharibi alasiri. Kioo cha magharibi chaweza kuilipa gharama ya karatasi. Kile ambacho jua halikifikii hakitalipa kitu.

Sasa hesabu na madhara yake. Karatasi iliyoandikwa kwamba hupitisha asilimia 20 ya nuru maana yake ni sehemu moja katika tano, na kwa mtu mzima aliyepungukiwa na macho, zile nne zilizobaki nje ndizo zilizokuwa zikimwonyesha herufi. Zile za rangi zilizo rahisi hugeuka zambarau na kuvimba malengelenge, kama uonavyo katika vioo vya magari makuukuu. Nyeusi sana hunywa joto la jua na kulitia katika kioo, na kioo kikubwa ambacho nusu yake i juani na nusu i kivulini, au chenye waya ndani yake, chaweza kupasuka. Tena nyumba si yenu: gundi iliyokaa miaka hung'oka kwa taabu, na mwenye nyumba ana haki ya kuulizwa kwanza, ijapokuwa zipo pia karatasi zisizo na gundi, zinazoshika kwa maji matupu na kubanduka bila ya kuacha alama.

Kwa hiyo shauri langu ni kila dirisha lipewe hukumu yake. Chumba cha kulala kitieni karatasi ya ukungu, ile nyeupe isiyopenya jicho, kwa kuwa hiyo hufanya kazi mchana na usiku, huingiza nuru ya kutosha, na hapo hamna haja ya kutazama nje. Ila pazia lisiondoke, maana usiku aliyesimama karibu na kioo huonekana kivuli chake. Sebule, kwa upande ulioelekea roshani, ipate karatasi ya mng'ao isiyo nyeusi sana ikiwa jua la alasiri huingia hapo, na ikiwa haliingii, pazia jepesi la mchana na zito la usiku yatawatosha kwa fedha chache zaidi. Dirisha la mama mkwe liacheni kama lilivyo: halitazamani na jengo lile, na kulifunika ni kumtoza kikongwe gharama ya kosa lisilokuwapo.

Na ili jambo hili lisibaki ubishi wa maneno, mwombeni fundi kipande kilichobakia katika kazi yake nyingine. Atanyunyiza kioo maji ya sabuni, atakilaza kipande, atayasukuma maji nje kwa mpira, na kukikata kwa wembe akiacha mwanya mwembamba pembeni. Kikae mchana mmoja na usiku wake. Adhuhuri mumeo ashuke, asimame ng'ambo ya njia, atazame. Kisha baada ya Isha, taa ya sebule ikiwaka nawe umekaa na buibui lako, ashuke tena. Atakachokiona mara ya pili kitamfahamisha kuliko hoja zako na zangu.

Limebaki neno moja. Surat an-Nur imeamrisha mtu asiingie nyumba ya mwenziwe bila ya idhini, na imewaamrisha wanaume na wanawake wainamishe macho yao. Mzigo wa sitara, basi, haukuwekwa juu ya anayetazamwa peke yake. Walio roshanini nao wana wajibu, na mumeo akikutana nao msikitini au ngazini si vibaya awakumbushe kwa taadhima, kama jirani azungumzavyo na jirani.

Mweleze mumeo haya wakati wa wasaa, mama mkwe akiwapo na yeye apate kusema lake, kwani ndani ya nyumba hiyo nuru ni yake pia. Wala msimlipe fundi vioo vya nyumba nzima kabla hamjaliona jaribio la usiku.