Punje Mbili za Tunda Moja: Somo Juu ya Kahawa ya Buhaya



Watu wengi wakisikia neno kahawa hufikiri mara moja juu ya kikombe cha moto, au juu ya gunia, mizani na bei ya mwaka. Lakini katika nchi ya Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, kahawa ilikuwa na kazi nyingine kabla meli haijachukua hata gunia moja kwenda Ulaya. Yafaa tujifunze habari hizo, maana ndani yake mna neno linalotuhusu hata leo.

1. Mti wenyewe

Mti wa kahawa huitwa mbuni. Mbuni wa asili wa Buhaya si ule wa Uhabeshi na Kilimanjaro, uitwao arabika. Huu ni robusta, nao chimbuko lake ni misitu ya joto ya Afrika. Wahaya huupanda kibanjani, kati ya migomba, karibu na nyumba. Maua yake ni meupe, yenye harufu nzuri kama ya asumini. Ukipasua tunda lake, kwa kawaida waona punje mbili zilizoelekeana kwa upande ulio bapa, kama viganja viwili vilivyokutanishwa.

Tena liko jambo la ajabu. Robusta hauzai kwa chavua yake wenyewe. Sharti upepo au wadudu walete chavua ya mbuni mwingine wa jamaa yake. Mtu apandaye mmoja tu, mahali pasipo na mwingine, ataona maua, wala hatapata matunda.

2. Kahawa ya kutafuna

Wahaya wa kale hawakuisaga kahawa. Matunda yalichumwa kabla hayajaiva sana, yakachemshwa pamoja na majani yenye harufu, kisha yakaanikwa hata yakakauka kabisa. Ndipo yalipotafunwa. Kahawa hii humchangamsha mtu, kwa kuwa robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika.

Mgeni alipofika alitolewa kikapu kidogo chenye kahawa, achukue punje chache. Kumtolea ni kumwambia, "Karibu, umefika kwa watu wako." Desturi hiyo haijafa, hata leo kahawa ya kutafuna yauzwa mjini Bukoba.

3. Kahawa ya agano

Lakini kazi iliyo kuu ni hii. Watu wawili wasio wa ukoo mmoja walipotaka kuwa ndugu, walifanya agano liitwalo omukago. Kila mmoja alichanjwa kidogo tumboni, karibu na kitovu. Punje ya kahawa ikapakwa damu yake, na mwenziwe akaila. Kwa jirani zao wa Buganda pia agano hili lilijulikana, na punje mbili za tunda moja ziligawanywa, kila mtu yake. Tangu siku ile kila mmoja alikuwa na haki nyumbani mwa mwenziwe: chakula wakati wa njaa, kimbilio wakati wa hatari, na msaada kwa watoto wake akifa. Kulivunja agano hilo kulihesabiwa kuwa jambo la kutisha sana.

4. Jambo la kufikiri

Sisi twasema: Desturi ya damu na iachwe. Ni kweli, maana wembe mmoja kwa watu wawili huleta maradhi. Twakumbuka ya kuwa mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, huko huko Buhaya. Lakini ugonjwa ule uliacha yatima wengi, na swali la omukago likarudi mlangoni: Nani atamlea mtoto wa rafiki yangu? Ni rahisi kuuacha wembe. Tuangalie tusiuache na wajibu pamoja nao.

Askofu Josiah Kibira, mzaliwa wa Buhaya, aliyekuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani tangu 1977 hata 1984, aliandika kitabu juu ya Kanisa na ukoo, kilichotolewa mwaka 1974. Nasi tujiulize: Aliyekula punje moja ya kahawa alijua deni lake mpaka kufa. Je, sisi tunaoshiriki Meza moja ya Bwana, twalijua letu? Au tu kama mbuni uliopandwa peke yake, wenye maua mengi pasipo tunda?

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Mgeni akifika kwetu, twampa nini kwanza: kitu cha kula, au maswali?
2. Ni haki zipi za omukago zinazomfaa Mkristo kuzishika?
3. Katika mtaa wetu, ni yatima yupi ambaye baba yake alikuwa rafiki yetu? Nani amemwendea mwezi huu?