Mita ya Sauti Iwe na Waya Wake
Ukitaka kuongeza mita ya taa kwenye priamplifaya uliyojiundia, anza na waya wa grandi. Chipu ya LM3915 huwasha taa 10, kila moja kwa hatua ya desibeli 3. Mimi huipa kila taa miliampea 10. Zote zikiwaka ni miliampea 100. Mkondo huo ukipita kwenye grandi ya sauti yenye omu 0.05, huzaa milivolti 5, na kipaza sauti chenyewe hutoa milivolti chache tu. Utasikia mikwaruzo kila taa zinapocheza. Ndiyo maana grandi ya mita huipeleka peke yake hadi kwenye pawa saplai, na sauti ya kupimwa huichukua baada ya kukuzwa. Mita ipime sauti, isiichafue.