Kifaranga wa Bata Bukini Akikwama Ndani ya Yai

Aliyezoea kutotolesha kuku huingiwa na hofu mapema anapofikia bata bukini. Kifaranga wa kuku akishatoboa ganda, kwa kawaida siku haiishi kabla hajatoka. Bata bukini anaweza kutoboa Jumatatu asubuhi akatoka Jumatano, tena mzima kabisa. Vifaranga wengi hufa kwa kuokolewa kabla ya wakati, na wachache kwa kuachwa mno. Kazi ni kutofautisha anayehitaji msaada na asiyeuhitaji.

Siku za mwisho kabla ya kutotolewa, kifaranga hupenyeza mdomo kwenye utando wa ndani na kuingia katika chumba cha hewa kilicho upande mnene wa yai. Hapo mapafu yanaanza kazi. Hewa ile haimtoshi kwa muda mrefu. Kabonidayoksaidi ikipanda, misuli ya shingo hushtukashtuka, na kijino kigumu kilicho juu ya mdomo hupasua ganda. Kisha ananyamaza. Unadhani amechoka, kumbe damu iliyokuwa kwenye mishipa ya utando inarudi mwilini, na kiini kilichobaki kinaingia tumboni kupitia kitovu. Ukimtoa kabla kazi hiyo haijaisha atavuja damu, au atatoka na kiini kikining'inia nje, na wengi wa hao hawaponi.

Kwa hiyo msaada wa kwanza ni kuacha mfuniko wa mashine ya kutotolesha umefungwa. Kila ukifunua kuchungulia, mvuke unatoka, utando unakauka na kumbana asiweze hata kugeuza shingo. Mashine yenye feni ibaki kwenye nyuzi joto 37.5 na unyevu wa asilimia 75 hivi. Unyevu ukishuka, weka sifongo iliyoloweshwa kwa maji ya uvuguvugu. Umeme ukikatika, funika mashine kwa blanketi lakini usizibe matundu ya hewa, maana vifaranga wanaokaribia kutoka hutumia hewa nyingi.

Saa ya ukutani haikuambii lini umtoe, inakuambia tu lini uanze kumulika. Ingia chumba chenye giza na tochi, umulike upande mnene, uchore kwa penseli mpaka wa chumba cha hewa. Ukiona kivuli cha mdomo kikicheza ndani ya chumba hicho na saa 24 zimepita bila ganda kutobolewa, mpe tundu la kupumulia. Chukua ncha ya skrubu uliyoisafisha kwa spiriti, uizungushe kwa vidole juu kabisa ya upande mnene, mbali na mdomo, mpaka ganda litoboke. Tundu dogo linatosha. Rudisha yai, ungoje.

Aliyekwisha kutoboa ganda mpe siku nzima bila kumgusa. Anayeendelea kulia na kupanua tundu, hata polepole, hakuhitaji, na anaweza kufika saa 48. Wa kuangaliwa ni yule ambaye tundu halijasogea na utando unaoonekana pale umegeuka wa kahawia, mkavu na mgumu. Mwingine ni aliyetoboa upande mwembamba wa yai. Huyo amelala vibaya na mara nyingi hushindwa kujizungusha, ila mishipa ya upande ule huchelewa kukauka, kwa hiyo mwachie tundu liwe wazi na umsubirie zaidi kuliko wenzake.

Ukiamua kuingilia kati, osha mikono, zima feni ya chumbani, tandaza kitambaa chenye unyevu wa uvuguvugu. Anzia kwenye tundu, ubandue ganda vipande vidogo kwa kibano bila kuvuka alama ya penseli. Utando uliokuwa umefichwa chini ya ganda huwa mweupe kama karatasi na hauonyeshi kitu. Upake mafuta safi ya nazi kidogo sana kwa pamba, mbali na matundu ya pua. Ukishalowa, unang'aa na kuonyesha yaliyo chini yake, na hapa ndipo uamuzi wote ulipo. Ukiona nyuzi nyekundu za damu, acha hapo hapo, rudisha yai kwenye mashine, uangalie tena baada ya saa nne hadi sita. Mishipa ikiwa imepotea, sogeza utando taratibu utoke mdomoni. Hata hivyo, mdomo ukifunguka na kufumba kama wa anayetafuna, bado anavuta kiini. Mrudishe. Usijifunze kazi hii kwa zile video za mtu anayemenya yai lote kwa dakika mbili. Hazikuonyeshi hali ya kifaranga kesho yake.

Damu ikitokea, gandamiza kwa kitambaa safi, nyunyiza wanga wa mahindi kidogo, na usiendelee siku hiyo.

Mishipa ikiisha, toa kichwa peke yake. Kikiwa kimebanwa chini ya bawa, kiinue polepole kwa kidole. Nusu ya chini ya ganda mwachie, arudi nayo kwenye mashine. Akiwa tayari atapiga mateke mwenyewe, na akichelewa, ganda hilo linakilinda kitovu ambacho huenda hakijafunga.

Akishatoka, gusisha kitovu iodini na usikate wala kuvuta uzi uliobaki. Akauke ndani ya mashine, kisha umhamishie kwenye taulo kuukuu. Gazeti linateleza, na kifaranga aliyebanwa muda mrefu hutanua miguu haraka. Ikitanuka, ifunge pamoja kwa ukanda laini wa plasta, ukiacha nafasi ya kusimama. Asile siku ya kwanza, kiini kinamtosha. Baadaye mpe maji, halafu chakula. Bata bukini anahitaji vitamini B3 nyingi kuliko kuku, na chakula cha vifaranga wa kuku mara nyingi hakimtoshi, hivyo changanya hamira ya bia iliyokaushwa. Hamira hai ya kuumulia maandazi haifai.

Akikwama mmoja, ni bahati mbaya yake. Wakikwama watano katika kundi moja, huenda kasoro iko kwenye mashine. Yai hupaswa kupoteza asilimia 13 hadi 15 ya uzito kabla ya kutotolewa: lililoingia na gramu 160 liwe karibu gramu 138 mwishoni. Lililobaki zito mno lilikaa kwenye unyevu mwingi, na kifaranga wake hutoka amevimba, ananata, na chumba cha hewa ni kidogo. Lililokuwa jepesi mno lilikauka. Kabla hujanunua mayai ya kundi lijalo, nunua mizani ya jikoni, upime kila wiki na uandike.