Masundosundo: Je, ni Ugonjwa wa Zinaa?

Mkoani Kagera maneno "ugonjwa wa zinaa" hayatamkwi kwa wepesi. Ndiko wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walikotambuliwa mwaka 1983, na maradhi hayo yaliacha yatima wengi Bukoba na Muleba. Kwa hiyo mtu aonapo vinyama vimeota sehemu za siri, swali lake la kwanza huwa si la tiba. Huuliza: nani kaniambukiza?

Vinyama hivyo, yaani masundosundo, husababishwa na virusi vya papiloma, ambavyo vina aina zaidi ya 200. Chunjua za mikononi huletwa na aina nyingine za virusi hivyo (chura hahusiki kamwe). Masundosundo, takriban asilimia 90, huletwa na aina ya 6 na ya 11. Hizi huenea kwa ngozi kugusana na ngozi, na kwa watu wazima mguso huo kwa kawaida ni wa kujamiiana. Jibu, basi, ni ndiyo. Kondomu hupunguza hatari bila kuiondoa, kwa kuwa haifuniki ngozi yote.

Hata hivyo, jibu hilo lisigeuzwe hati ya mashtaka. Baada ya kuambukizwa hupita wiki kadhaa, miezi, pengine miaka, kabla vinyama havijaota. Na wengi wenye virusi hawaoti chochote, ila huweza kuambukiza. Mume au mke aotaye vinyama leo huenda virusi viliingia kwa mmoja wao kabla hawajaoana. Hakuna kipimo kionyeshacho tarehe wala mhusika.

Wala si kila kinyama ni sundosundo. Kaswende nayo huotesha vinundu bapa vyenye unyevu, nayo hutibiwa kwa penisilini. Kipimo cha damu husaidia kuitambua. Ni vema kupima pia virusi vya UKIMWI, kwani kinga ikidhoofika masundosundo huwa mengi na sugu. Daktari huyaondoa kwa dawa ya kupaka, kuyagandisha au kuyachoma. Huweza kurudi, ingawa mara nyingi mwili huvishinda virusi wenyewe.

Saratani ya mlango wa kizazi huletwa hasa na aina ya 16 na ya 18, si hizi. Tanzania ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 ikawafikia wa miaka 9 hadi 14 kwa dozi moja. Baadhi ya chanjo hukinga aina zote nne. Nyingine hukinga zile mbili za saratani tu.