Mshika Mbili na Tarakilishi: Kusoma Faili Nyingi kwa Pamoja

Wahenga walituachia methali: mshika mbili moja humponyoka. Mbona basi tunaambiwa ati programu moja yaweza kusoma faili kumi na tano kwa wakati mmoja? Nitaeleza inavyofanya, kisha nionyeshe mahali ambapo wahenga wangali na haki.

Tuanze na mfano wa huku kwetu. Si mbali na hapa Kibarani, mjini Kilifi, KEMRI imekuwa na kazi ya utafiti tangu 1989. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuhesabu wakazi wa eneo la kilomita mraba 891, lenye lokesheni 15, na kuunganisha hesabu hiyo na rekodi za wagonjwa wanaolazwa katika hospitali kuu ya Kilifi. Wakazi hao ni zaidi ya 250,000. Hesabu hizo si za kujaza makabati tu. Kenya ilipoanza kutoa chanjo ya pneumokoki mwaka 2011, ni kwa rekodi za Kilifi ilijulikana kwamba ugonjwa mkali unaoletwa na aina za bakteria zilizolengwa na chanjo hiyo ulipungua kwa takriban asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka 5. Kwa hivyo hesabu ikipotea, aliyepotea ni mtoto wa mtu.

Sasa tutunge mfano wetu wa darasani. Tuseme kila lokesheni ina faili yake, nasi twataka jumla ya watoto waliolazwa katika zote 15. Kila faili huchukua sekunde 2: sekunde 1.8 ni za kungojea faili ifike kutoka diski au mtandao, na 0.2 tu ni za kuhesabu. Programu ikisoma moja baada ya nyingine, ni 15 mara 2, yaani sekunde 30. Na nyingi katika hizo imekaa bure, inangoja!

Mtazame mama jikoni. Je, husimama akiyakodolea macho maji ya sima mpaka yachemke? La! Maji yako figani, yeye anakuna nazi. Kunde zinatokota, yeye anakata vitunguu. Mpishi ni mmoja, lakini vyungu vinangoja pamoja.

Hizo ndizo nyuzi. Uzi ni mfuatano mmoja wa kazi ndani ya programu. Tukiwa na nyuzi 15, kila mmoja huagiza faili yake, na uzi unaongoja huachia wenzake nafasi. Ikiwa faili zaweza kuletwa kwa pamoja, kungoja kote ni sekunde 1.8, kisha hesabu ni 15 mara 0.2, yaani sekunde 3. Jumla ni sekunde 4.8 badala ya 30.

Lugha ya Java ilikuja na nyuzi tangu toleo lake la kwanza, 1996. Katika Python ya kawaida nyuzi hupokezana zamu ya kuhesabu, lakini katika kungoja faili husaidia sana.

Sasa ndipo methali inapotujia. Tuseme jumla iko kwenye karatasi moja, imeandikwa 40. Uzi wa kwanza unasoma 40 ili uongeze 3. Kabla haujaandika, uzi wa pili nao unasoma 40 ili uongeze 5. Wa kwanza unaandika 43. Wa pili unaifuta na kuandika 45. Jibu la haki ni 48. Watoto watatu wameponyoka, na tarakilishi haikulalamika hata kidogo!

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kufuli: uzi unaotaka kubadilisha jumla hujifungia, husoma, huongeza, huandika, kisha hufungua. Wengine wangoje nje. Ya pili, ambayo mimi naipenda zaidi, ni kila uzi uwe na kikapu chake. Zote zikimaliza, mmoja tu ajumlishe vikapu vyote.

Tahadhari moja: usidhani nyuzi elfu ni bora kuliko kumi. Diski ya zamani inayozunguka ina mkono wa kusomea unaohama huku na huko. Ukiamrishwa kwenda kila upande, kazi yaweza hata kuchelewa. Pima kwanza.

Zoezi: jumla ni 60. Uzi mmoja unaongeza 7, mwingine 4, na hakuna kufuli. Ni majibu gani matatu yanayoweza kupatikana, na lipi ndilo la haki?

Kwa hayo machache naikomea hapa. Shikeni mbili, shikeni hata kumi na tano, lakini kila moja iwe na mkono wake.