Asparagasi si kisamvu, mdogo wangu

Mdogo wangu uliyefunga ndoa juzi, hongera sana. Umeniuliza mambo mawili: kama asparagasi inamsaidia kweli mwanamke anayetafuta mtoto, na mbona kila ukiipika inarojeka na kupoteza rangi. Nakujibu yote, na wengine sogeeni, maana yanawahusu.

Ndiyo, inasaidia, na kinachosaidia hasa ni foleti. Gramu 100 za asparagasi iliyochemshwa zina takriban maikrogramu 150, na mwanamke anahitaji maikrogramu 400 kwa siku. Foleti ndiyo inayowezesha ule mrija utakaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto ujifunge sawasawa. Sasa nisikilize vizuri hapa: kazi hiyo humalizika siku 28 hivi tangu mimba itungwe, wakati wengi wetu bado tunadhani hedhi imechelewa tu. Kwa hiyo nakusihi, anza vidonge vya asidi ya foliki, yaani foleti ya kutengenezwa, sasa hivi, usingoje mpaka uwe na kadi ya kliniki. Asparagasi ni nyongeza, haishiki nafasi ya vidonge. Na kama umewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, au yupo katika ukoo wenu, mwone daktari kabla ya kubeba mimba, kwa sababu huenda akakupa dozi kubwa zaidi.

Tuje jikoni. Asparagasi ni chipukizi, na hata baada ya kukatwa huendelea kupumua kwa kasi na kumaliza sukari yake. Ndiyo maana iliyokaa sana dukani huwa ngumu na haina utamu. Chagua yenye ncha zilizofumba na kukaza, na kitako chenye unyevu. Sugua vijiti viwili. Vibichi vizuri hulia. Ukifika nyumbani, punguza vitako kidogo, simamisha fungu kwenye glasi yenye maji kidogo, funika juu kwa mfuko, weka kwenye friji. Siku 3 au 4 hazitaiharibu.

Wakati wa kupika, kunja kijiti karibu na kitako. Kitakatika chenyewe karibu na pale ugumu unapoanzia. Vitako hivyo usivitupe, chemshia supu. Maji yatokote kwanza, tia chumvi, ndipo utumbukize vijiti, sufuria ikiwa wazi. Vyembamba dakika 3, vinene 4 au 5, basi. Vitoe vikiwa na kijani cha kung'aa na bado vinakatika kwa meno. Wewe unavichemsha kama kisamvu, na foleti huyeyuka katika maji na kuharibika kwa moto, kwa hiyo sehemu kubwa ya ulichokinunua unakimwaga. Mimi napenda zaidi ya kikaangoni: kijiko kimoja cha mafuta, moto mkali, geuzageuza mpaka itoke madoa ya kahawia, kitunguu saumu ukitie mwishoni kisiungue. Ndimu ikamulie mezani. Ukiitia mapema, ukali wake huua ule ukijani.

Halafu usishtuke ukienda chooni ukasikia mkojo unanuka vibaya, pengine hata kabla ya nusu saa kupita. Ni kemikali za salfa zinazotokana na asparagasi yenyewe. Wengine hawaisikii kabisa harufu hiyo. Lakini mkojo ukiunguza, au ukapata homa, hayo ni mambo mengine, nenda ukapimwe. Msikubali kuambiwa kwamba asparagasi inatibu UTI au saratani. Ni mboga nzuri, si dawa. Na mwenye kutumia warfarini amweleze daktari wake kabla ya kuanza kuila kwa wingi, kwani ina vitamini K, inayopunguza nguvu ya dawa hiyo.

Najua bei yake, mdogo wangu. Kafungu kamoja kanaweza kula hela ya mboga ya siku kadhaa, na sitaki ujinyime kwa kudhani mtoto atakosa foleti. Kunde kavu zilizochemshwa zina foleti nyingi kuliko asparagasi kwa uzito uleule. Maharage yanayo, na mchicha unayo. Loweka kunde usiku wa leo, kesho zipike kwa nazi, asparagasi uinunue siku mfuko ukiruhusu. Vidonge tu ndivyo usivyoruka hata siku moja.